Raketi ya Kichwa Kizito

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwisha. Chai imepoa mbele yangu na mama watoto ameshauliza mara mbili kama naumwa.

Bosi mpya ameniita ofisini. Ana wiki tatu tu hapa kiwandani kwetu, kiwanda cha magodoro, lakini ameshayasoma mafaili ya wafanyakazi wote, hata yale yaliyotafunwa na mende. Nilikwenda roho mkononi. Nilidhani ni yale magodoro mawili yaliyolowa kwenye stoo ninayoitunza. Afadhali yangekuwa hayo! Alikuwa anatabasamu. Akanisomea nilichoandika miaka minane iliyopita nikiomba kazi: bingwa wa badminton chuoni, miaka miwili mfululizo.

Sijawahi kucheza badminton. Niliandika vile kwa sababu mwenzangu kwenye foleni ya usaili alikuwa ameandika kwamba ni mwanariadha.

Kumbe Bosi anaupenda mchezo huo tangu usichana wake. Jumamosi saa nne asubuhi tutafunga wavu ghalani: yeye na mimi dhidi ya Sindano, msimamizi wa cherehani, na binamu yake. Kisha, huku akifunga faili, akasema kule alikotoka kuna mtu alidanganya kwenye wasifu wake, akafukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka. Nina watoto watatu na kazi moja.

Nikajiokoa papo hapo. Nikamwambia shida ni raketi. Mimi sichezi na raketi yoyote tu, lazima ilingane na mtindo wangu. Akauliza mtindo gani. Nikasema hausemwi, huonekana.

Mpango: mji mzima ukose raketi inayonifaa.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda dukani kwa shemeji, kaka yake mama watoto, anayeuza vifaa vya michezo. Nilitaka anipe karatasi yenye mhuri: raketi hakuna. Akaniambia, shemeji, geuka nyuma. Nikageuka. Ukuta mzima raketi!

Akaanza kunifundisha bila kuombwa. Yenye kichwa kizito ni ya mshambuliaji, anayepiga kutoka juu kwa nguvu. Yenye kichwa chepesi ni ya mlinzi mwenye mikono ya haraka, tena inafaa sana mkicheza wawili wawili. Iliyosawazika ni ya mtu ambaye bado hajajijua, na hapo akanisukumia hiyo moja kwa moja. Nimeudhika! Shingo ngumu inataka kiwiko na kiganja chenye kasi, laini humsaidia asiye na kasi. Nyuzi zikikazwa sana, ukipiga pembeni kidogo tu zinakatika.

Bingwa hawezi kuonekana na raketi ya asiyejijua. Nikachagua kichwa kizito kuliko zote, shingo ngumu kuliko zote. Shemeji akacheka hadi akaketi kwenye boksi la viatu. Akasema nikiizungusha hiyo mara kumi bega litaachia.

Bega! Mtu mwenye bega bovu hachezi. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 6 Machi

Nimeizungusha mara mia mbili nyuma ya nyumba. Bega zima kabisa. Sijawahi kuwa na bega zima kiasi hiki, laana gani hii?

Mama watoto alinirushia kinyoya, kile kipira chenye manyoya, ili nijaribu. Mara ya kwanza kilinipita. Mara ya pili kilinipita. Mara ya tisa niliangusha kamba ya nguo na mashuka yote mabichi yakalala mchangani. Akaniuliza kwa upole, upole ule mbaya, nilikuwa bingwa wa nini hasa. Nikasema enzi zetu vinyoya vilikuwa vikubwa. Akasema njia ya mwongo ni fupi, halafu akanikabidhi mashuka niyafue upya.

Kazini Sindano alinivizia kwenye chai, mbele za watu. Akauliza nyuzi zangu zimekazwa pauni ngapi. Nikajibu: zote. Binamu yake akatikisa kichwa kwa heshima, lakini Sindano alinitazama kama anayetafuta mahali pa kuchoma. Yule mtu ananuka mashaka. Sikuweza kumaliza andazi.

Alhamisi, 7 Machi

Hofu imepanda ghorofa. Bosi amekuja stoo mwenyewe kuiona raketi. Aliipima mkononi, akaipinda shingo. Kisha akasema hii ni ya mtu anayepiga kuua. Alinitazama kwa macho ya imani, na imani hiyo ikanitoa kijasho chembamba mgongoni. Amewaambia watu wote. Idara ya kushona wanakuja na wake zao.

Nilifikiria kuugua malaria. Nilifikiria kumuua mjomba, lakini mjomba nilishamuua mwaka juzi nilipotaka ruhusa ya kwenda kutazama fainali.

Saa nane mchana wazo likanijia. Nyuzi! Shemeji alisema zikikazwa sana hukatika. Basi zikatike pigo la kwanza, mbele ya kadamnasi, paa! Nitaikumbatia raketi yangu kwa uchungu, nitasema mkono wangu hauijui nyingine, nitaketi. Heshima imebaki, kazi imebaki.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji alikataa. Alisema fremu itapasuka, na jina la duka lake litapasuka nayo. Nikamsihi kwa jina la dada yake. Akanikazia huku akisali. Sasa ukizigusa nyuzi zinalia. Naibeba kama yai. Nimekula vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumamosi, 9 Machi

Ee Mola!

Ghala lilijaa. Watu walikaa juu ya magodoro hadi darini. Mafundi wa cherehani walipiga makofi nilipoingia. Sindano akaanzisha, kinyoya kikaja kwangu taratibu, kizuri kabisa. Nikakusanya nguvu zote nilizo nazo ili nyuzi zikatike.

Nikakikosa.

Cha pili, nikakikosa. Cha tano. Cha tisa. Hapo ndipo nilipouona msiba wangu mzima: nyuzi haziwezi kukatika kama hazijaguswa! Katika mipango yangu yote nilisahau kwamba ili niharibu mchezo ilinipasa kwanza niucheze. Watu walicheka mwanzoni, kisha wakaacha, na kule kuacha kulinitisha zaidi. Bosi alikimbia pande zote mbili peke yake. Kila alipopita ubavuni kwangu nilifumba macho.

Tukiwa nyuma kumi na saba kwa mbili, nilifanikiwa kugonga kitu. Ilikuwa nguzo ya wavu. Paa! Nyuzi zote zikafumuka. Nikaruka kwa furaha, nikapiga kelele kwamba bahati mbaya, raketi yangu, mkono haujui nyingine! Bosi akanipa raketi yake ya akiba na kunielekeza pa kusimama kwa kidole. Tukafungwa ishirini na moja kwa mbili. Mbili hizo ni za Bosi.

Sindano alinipa mkono kwa muda mrefu mno.

Jumapili, 10 Machi

Sijatoka nje. Gari lolote likipunguza mwendo naona ni barua. Mama watoto amesema niende nikaseme ukweli kabla sijaulizwa. Nimelia kidogo bafuni. Watoto wakaulizana nani anafua tena.

Jumatatu, 11 Machi

Niliitwa saa mbili na dakika tano. Nilisema yote kabla sijakaa: foleni, mwanariadha, bega, nyuzi. Hata mjomba nilimtaja, kwamba yu hai na anasalimia.

Bosi alisikiliza. Akasema alishajua tangu Alhamisi, kwa namna nilivyoishika raketi shingoni nikimpa. Alitaka kuona ningefika wapi. Akasema amepekua hesabu za stoo za miaka minane na hakuna godoro hata moja lililopotea, kwa hiyo sifukuzwi. Akanipa fomu mpya. Niijaze upya, ukweli mtupu, na chochote nitakachoandika safari hii atakiamini bila kuuliza. Machozi yalinitoka. Niliapa kwa watoto wangu wote watatu.

Nilijaza jina, umri, elimu, kazi. Ukweli mtupu! Nikafika kwenye mambo ninayopenda. Nikafikiri. Nikafikiri hadi saa sita. Napenda kulala, lakini mtu hawezi kuandika hivyo katika kiwanda cha magodoro, wataona najipendekeza. Pale pakabaki peupe, pananitazama. Sindano bila shaka amejaza mpaka pembeni. Nikaweka kitu kidogo tu, kisicho na wavu, kisicho na mpinzani, kisichoweza kuletwa kazini: ufugaji wa nyuki.

Bosi aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwangu. Akauliza nina mizinga mingapi. Nikausikia mdomo wangu ukijibu kumi na minne. Akashusha pumzi, akasema Mungu mkubwa, kuna kundi zima limehamia darini kwake na mama yake haingii jikoni wiki ya pili sasa. Jumamosi asubuhi atanipitia.

Nimemuuliza kama ni wale wanaouma.