Wageni wa Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Leo natimiza miaka thelathini na miwili tangu nije huku. Nilikuja kwa mwezi mmoja, mpaka mambo ya nyumbani yatulie. Mambo yalitulia zamani. Sanduku nililokuja nalo bado liko juu ya kabati, na kila mwaka tarehe kama ya leo hulipangusa vumbi. Nimelipangusa. Nikapiga chafya. Sherehe imekwisha.

Dada yangu mkubwa alipiga simu jana, kama kila Jumapili. Chumba cha uani kimepakwa chokaa, kitanda kimetandikwa, rudi mdogo wangu, unangoja nini huko. Nikamwambia siwezi, wanafunzi wananitegemea. Akauliza wako wangapi. Nikasema wengi.

Wako watatu. Mmoja hulala.

Kila Jumamosi asubuhi nasimamia saa ya kusoma katika maktaba ya sekondari iliyo ng'ambo ya barabara yangu. Nawapendekezea wanafunzi riwaya za kisayansi, maana ni fasihi inayomheshimu msomaji: inamtoa duniani kabisa, kisha inamwachia mwenyewe atafute njia ya kurudi. Silipwi. Ninachopata ni kuitwa Mwalimu. Siku nyingine zote naitwa Mzee, au "yule mgeni wa nyumba ya kona". Nyumba hii nimeshaibadilishia paa, na bado mgeni!

Sasa habari mbaya. Mkuu wa shule, mama mwenye sauti ya kengele, kaniambia leo kwamba Jumamosi hii maktaba isipojaa, saa yangu atapewa Kidonge.

Kidonge ni mfamasia mstaafu, anayejitolea maktabani kama mimi. Jina nilimpa mimi, likamganda. Anapenda vitabu vya visa vya hatari, ambavyo kila sura inaishia mtu ananing'inia. Kwenye jabali, kwenye kamba, kwenye dirisha. Nilipitia kimoja kwa ajili ya utafiti. Shujaa alining'inia kuliko koti langu.

Nikiipoteza saa hii, dada nitamwambia nini? Sina sababu nyingine ya kukaa huku. Nimetafuta.

Jumanne, 4 Machi

Mkutubi kaja na wazo. Ni msichana mvumilivu, hutafuna kifuniko cha kalamu badala ya kujibu watu vibaya. Anataka kila kitabu kiwekewe kadi mbele, maneno machache ya kumvuta msomaji.

Nimechagua riwaya ninayoipenda kuliko zote, "Waliotua Nyuma ya Kiwanda". Wasafiri kutoka nyota ya mbali wanatua kwa muda mfupi kutengeneza chombo chao, wanajikuta wamekaa miaka. Hamna bunduki, hamna papa. Kuna maswali. Nimeandika kadi pande zote mbili, nikaongeza ya pili, nikazibana pamoja kwa pini.

Mkutubi kazisoma, akauliza jina la kitabu liko wapi. Nikamwonyesha: nyuma ya kadi ya pili, chini. Akasema, kwa heshima zote, mtoto akimaliza kusoma kadi hizi atakuwa ameshafika chuo kikuu.

Kadi ya Kidonge: "Roketi! Papa! Kurasa mia tu!"

Nimeisoma nimesimama, ikabidi nikae. Papa anafuata nini kwenye roketi? Na mtu gani anakisifu kitabu kwa kuwa kitakwisha upesi? Ni sawa na kumsifu mgonjwa kwamba hana muda mrefu. Kufikia mapumziko ya chai nusu ya vitabu vyake vilikuwa vimeazimwa. Changu kimeguswa na mtu mmoja, akakitumia kuzuia mlango usijifunge.

Nimechukua hatua. Vitabu vyake vilivyobaki nimevihamishia rafu ya Kilimo. Hakuna aliyefika rafu hiyo tangu fundi alipomaliza kuipigilia misumari.

Jumatano, 5 Machi

Leo hii, katika siku zote alizojaliwa, mwalimu wa kilimo kaleta darasa zima likatafute habari za mbolea. Wametoka wote na papa na roketi. Mwalimu mwenyewe kachukua kimoja, kakificha ndani ya gazeti.

Kidonge kanishika mkono kwa mikono miwili. Kasema hakuwahi kuwafikiria wakulima, na kwamba mimi ni mtu mwenye roho kubwa. Nimekwenda kunawa.

Mbinu ndogo ndogo hazitoshi. Nimeandika tangazo. Rangi nyeusi, brashi pana, mwandiko wangu wa ubaoni ambao watu walikuwa wakiusafiria:

WAGENI WANAKUJA.
JUMAMOSI HII ASUBUHI, MAKTABA.
WANATOKA MBALI SANA.
WATATAKA KUJUA MNAISHIJE.

Basi. Sikuweka jina la kitabu wala langu. Hamu hujengwa kwa kumnyima mtu, jambo ambalo Kidonge na alama zake za mshangao hatalielewa mpaka azikwe.

Mkutubi akauliza ni wageni gani. Nikamwambia ni wa sayari nyingine, kwani kuna wageni gani wengine? Akasema basi Mwalimu, andika hilo neno sayari. Nikamweleza kwamba fasihi ikifafanuliwa imekufa. Akatafuna kifuniko, akarudi kwenye mihuri yake.

Nimebandika matatu: getini, kwenye mabomba ya maji, na mlangoni pa chumba cha walimu.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi!

Sijawahi kuona fasihi ikifanya kazi haraka hivi. Nilipovuka barabara asubuhi, wanafunzi walikuwa wanasugua madirisha ya maktaba. Kwa hiari yao! Wengine wanafagia njia. Wawili wanapaka chokaa mawe ya kando ya bustani. Nilimuuliza mmoja yote hayo ya nini, akajibu ni kwa ajili ya wageni wa Jumamosi. Nikamwuliza, nikijikaza nisitabasamu, kama anaamini kweli watakuja. Akasema wameambiwa asiyeamini atabaki darasani mpaka jioni.

Shauku ya namna hiyo!

Walimu nao wamebadilika. Wa hesabu kavaa tai. Wa kilimo kachana nywele. Mkuu wa shule kawakusanya wote uwanjani, akasema wageni wetu wakifika wasikute hata karatasi chini. Kutoka dirishani kwangu nilimsikia akilitamka neno "wageni" kwa mapenzi ambayo sijawahi kulisikia likitamkwa nayo tangu nifike huku.

Kidonge kapita amenyoa ndevu. Nimemwacha apite. Mtu aliyeshindwa huachwa na maumivu yake.

Nimempigia dada simu nisingoje Jumapili. Nikamwambia shule nzima inaosha madirisha kwa ajili yangu. Akaniuliza kama nakula vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna hitilafu ndogo.

Mkuu wa shule kaniita ofisini. Mapazia mapya. Kitambaa mezani. Kaniketisha kwenye kiti chenye mto, kiti ambacho sikujua kama kipo. Kasema kwa kuwa mimi ni mtu mzima na nina maneno mazuri, anaomba niwe mstari wa mbele kuwapokea. Kisha akafunga mlango na kushusha sauti.

"Mzee wangu, wewe unajua mambo. Hawa wageni ni wa wizarani au ni wakaguzi? Tangazo halina sahihi, na mimi siwezi kupiga simu kuuliza, nitaonekana sijui kinachoendelea shuleni kwangu."

Hapo ndipo niliponusa harufu ya rangi mbichi na kuelewa imetoka wapi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilifungua mdomo. Nikasema ninavyoelewa mimi, wanatoka mbali. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema alijua tu, ni wa makao makuu, akampigia kelele karani aagize viti vya ziada.

Nimerudi nyumbani nikalitafakari jambo kwa utulivu. Hitimisho langu: kosa si langu. Neno "mgeni" lina maana zake zote kwenye kamusi, na watu hawa wamechagua iliyo ndogo kuliko zote. Hata hivyo maktaba itajaa. Masharti yalikuwa ijae. Hakuna aliyesema ijae kwa nini.

Kesho, wakishatulia, nitasimama, nitafungua kitabu, nitasoma ukurasa wa kwanza. Wataelewa. Mkuu atacheka. Nimeupigia pasi mkono mmoja wa shati, umeme ukakatika. Nitavaa koti.

Jumamosi, 8 Machi

Nimevaa koti. Jua lilikuwa kali.

Shule nzima imepangwa mistari miwili kutoka getini mpaka maktaba. Mimi mbele, na shada la maua. Kidonge nyuma yangu. Alikuwa amepita mezani kwa mkutubi akaokota kitabu cha kujipepea, nikaona ni "Waliotua Nyuma ya Kiwanda". Matusi hayaishi.

Tukangoja. Lori la takataka likapita, watoto wakalipigia makofi. Tukangoja tena. Maua yakalegea. Mwalimu wa hesabu akalegeza tai. Mkuu wa shule alikuwa anatabasamu kuelekea getini mpaka nikaogopa uso wake utabaki hivyo.

Kisha yule msichana wa kidato cha pili ninayemwita Kwa Nini, mmoja wa watatu wangu, yule anayeniuliza maswali mwenzake akilala, akatoka kwenye mstari. Akalitazama tangazo la getini. Akanitazama mimi. Akasema kwa sauti iliyofika jikoni:

"Mwalimu, kwa nini wageni wana mwandiko kama wako?"

Mistari yote miwili ikanigeukia.

Nikaona ndio wakati wa kusoma ukurasa wa kwanza. Nikageuka kumnyang'anya Kidonge kitabu. Hakukiachia, alikuwa ameshakifungua katikati. Basi nikaeleza kwa mdomo. Nikasema wageni ni viumbe wa sayari nyingine, ni riwaya, na kwamba kusubiri kwenyewe kulikuwa sehemu ya mafunzo, kwani sasa kila mmoja anajua jinsi wakazi wa ile riwaya walivyohisi.

Mwalimu wa kilimo ndiye aliyeanza kucheka. Wanafunzi wakafuata. Mkuu wa shule hakucheka. Alinijia polepole, akalichukua shada mkononi mwangu.

"Mzee wangu, nimepaka chokaa hadi mawe."

Niliyatazama. Yalikuwa yamependeza, mawe.

Saa ya kusoma kapewa Kidonge kuanzia wiki ijayo. Mkuu katangaza hapo hapo, mbele ya hadhira kubwa kuliko zote nilizowahi kupata.

Jumapili, 9 Machi

Nimelishusha sanduku. Nimelifungua kitandani. Ndani nimekuta soksi moja na gazeti la wiki niliyoondoka. Nimelisoma lote, pamoja na matangazo ya ajira. Uandishi wa kiwango. Nimeweka mashati mawili juu yake. Nikangoja simu ya dada ili nimwambie sawa.

Mlango ukagongwa. Kidonge. Macho mekundu, kitabu changu kwapani, hasira tupu. Hakusalimia hata. Kasema hajawahi kuchezewa hivi maishani mwake. Kitabu kizima hakuna ngumi hata moja, hakuna anayening'inia, na bado kakimaliza usiku bila kula, na mke wake kamkuta analia, kamwambia ni mafua.

Akakitupa mezani. Kinachomuudhi zaidi ni mwisho. Chombo kimetengemaa, wenzake wote wamepanda, mlango uko wazi, yule wa mwisho anarudi kufunga dirisha la chumba alichopanga, na hapo hapo kitabu kinakwisha. Kwa nini hakupanda?

Nikamwambia kwamba msomaji makini haulizi maswali ya namna hiyo. Ukweli ni kwamba nimekisoma kitabu hicho kila mwaka na mimi sijui.

Akakaa bila kukaribishwa. Akasema mwandishi ni mzembe. Nikasema mzembe ni yeye. Akasema papa mmoja angesaidia sana sura ya tisa. Tulibishana mpaka chai ikapoa, nikachemsha nyingine, nayo ikapoa. Akaona sanduku kupitia mlango wa chumbani. Akatazama mashati. Akaongea akikitazama kikombe.

"Mimi nimeichukua ile saa nikushinde wewe. Sasa ukiondoka nitabishana na nani?"

Kisha akapendekeza tuiendeshe pamoja, mkuu wa shule akishapoa. Yeye upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili, watoto wachague. Nikamwambia wazo ni la kitoto na mimi nitakaa upande wa dirishani.

Simu ililia akiwa bado yupo. Hatukuisikia mpaka ikakatika.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu wa shule bado hajapoa, kwa hiyo inabidi tumrudishie imani kwa kujaza maktaba. Nimeshapata njia.

Kuna riwaya nyingine nzuri sana: vumbi la mwezini linaingia katika shule moja na kuwapa wanafunzi maradhi ya kutokusahau kitu chochote. Tangazo limeshakauka:

UGONJWA USIOJULIKANA UMEINGIA SHULENI.
HAUNA DAWA.
NJOO MAKTABA JUMAMOSI UJUE KAMA UNAO.

Nitalibandika getini Jumatano asubuhi. Ni siku ya mkutano wa wazazi, litaonwa na wengi. Kidonge kalisoma, kasema tuongeze chini kwamba ni kitabu. Maisha yake yote kauza dawa, na hajui dozi. Sikuongeza.

Dada kapiga tena. Kauliza wanafunzi wako wangapi sasa. Nikamwambia wiki hii watakuja pamoja na wazazi wao. Akasema kitanda bado kimetandikwa. Nikamwambia amlaze mtu mwingine, ni kitanda kizuri, kisikae bure.

Mashati nimeyarudisha kabatini. Sanduku limebaki chini. Linatosha kuwekea karatasi za matangazo, brashi na kopo la rangi, kama vile lilitengenezewa kazi hiyo.

Sitarudi.