Siku Aliyonyamaza Mama Redio

Sogeeni, enyi kina mama mlioinjika sufuria mkaziacha zichemke, nanyi kina baba mnaojifanya hamsikilizi. Wekeni chini miiko, punguzeni moto, mwiteni na jirani aliye ng'ambo ya ukuta, maana hata yeye yanamhusu. Yatasimuliwa hapa mapambano makuu kuliko yote yaliyowahi kupiganwa juu ya kiti cha plastiki, mapambano yasiyo na mkuki wala farasi, ambamo Mama Redio, bingwa wa maneno, mwenye ulimi usiojua kulala, aliufungia ulimi huo nyuma ya meno yake mwenyewe mpaka mashine ikalia mara ya tatu. Na hayasimuliwi kwa kufurahisha tu. Yanasimuliwa ili mwenye kiburi kama chake apate kuogopa mapema.

Mama Redio hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na mtaa, kwa sababu alianza kabla ya jua na hakuwa na kitufe cha kuzimia. Aliongea akifua, aliongea akichambua mchele, na wanaomjua wanasema aliongea hata usingizini, tena kwa mpangilio. Lakini wachache walijua kwamba nusu ya maneno yale hayakuwa yake. Katika nyumba ile aliishi pia dada yake mkubwa, ambaye zamani ndiye aliyekuwa na mdomo kumshinda yeye, hadi asubuhi moja alipoanguka jikoni mwiko ukiwa mkononi, na alipoinuliwa upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na maneno yamekwenda, wala hayakurudi. Hakuwahi kupimwa presha huyo dada. Alikuwa akisema hana presha, ana joto tu. Tangu siku hiyo Mama Redio aliongea kwa ajili ya wawili, maana nyumba ikinyamaza kidogo tu aliisikia asubuhi ile ikirudi.

Ndipo akaja Mtafiti. Alitoka chuo kikuu, binti mwembamba mwenye begi pana kuliko mgongo wake, akitaka kujua watu wa mtaa wanaishi vipi na presha: wanakula nini, wanalala vipi, wanamweleza nani wasiwasi wao, na wanaamini ugonjwa huu huletwa na kitu gani. Maswali hayo Mama Redio aliyaangusha yote kwa mkono mmoja. Lile la wasiwasi peke yake alilijibu mpaka chai ikaisha, ikachemshwa nyingine, na simu ya Mtafiti iliyokuwa ikirekodi ikazimika yenyewe kwa kuchoka.

Lakini kupimwa kulimshinda. Sheria ya mashine ya presha, yenye mkanda wa kufungwa mkononi, ilikuwa ngumu kama sheria ya mfalme: mgongo uegemee kiti, miguu isipishane, mkono ulale mezani, na mtu akae kimya dakika tano kabla ya kupimwa, kisha aendelee na kimya chake hadi mashine imalize kupima mara tatu. Ziara ya kwanza Mama Redio aliongea tangu mkanda ulipofungwa hadi ulipofunguliwa, akiusifia huo huo mkanda. Ziara ya pili alijikaza vizuri, hadi akamwona paka anayanyemelea maziwa. Mara zote mbili namba zilipanda juu, na mara zote mbili alicheka akatoa kauli iliyozunguka mtaa mzima kabla ya jioni.

"Sina presha mimi. Nina maneno."

Sasa ikawadia ziara ya tatu, na Mtafiti, mpole wa sauti, mvumilivu wa vikombe vingi, aliweka mashine juu ya meza, akakunja mikono, akanena.

"Mama, leo ndiyo mwisho. Utafiti wetu unaruhusu ziara tatu tu. Ukiongea, mashine inapima maneno yako, haiupimi mwili. Nitaandika kwamba hukupimika, nitaondoka zangu, na wewe utabaki hujui."

Mama Redio alijivuta juu kwa heshima zake zote. "Mwanangu, mimi nimezaa, nimezika, nimegombana na mwenye nyumba mpaka akahama yeye. Hizo dakika tano zitanifanya nini? Funga huo mkanda."

Hivyo ndivyo alivyonena kwa mdomo. Jicho lake lakini lilikwepa, likaenda dirishani alikokaa dada yake na fimbo yake mapajani. Kwa maana hofu yake haikuwa kunyamaza. Hofu yake ilikuwa kwamba akinyamaza kweli, na namba ikapanda vilevile, hatakuwa tena na kitu cha kusingizia.

Akajiandaa kwa vita. Alikwenda chooni kwanza, kama mashujaa wenye busara wafanyavyo. Alivua sweta, akakunja mkono wa gauni hadi begani, akakaza kitambaa kichwani kwa mafundo mawili. Maharage yalikuwa jikoni yakitokota. Aliyatupia jicho la mwisho, jicho la jemadari anayeaga kikosi. Kitindamimba wake, mwenye sauti kali kama ya mama yake, alipelekwa uani akafue soksi na kuonywa asiite mtu. Kisha shujaa akakikalia kiti, kiti kikalia chini yake, na Mtafiti akaweka kidole mdomoni kuashiria kwamba saa imeanza kuhesabu.

Kimya kikaingia sebuleni kama mgeni asiyejulikana amekuja na nani.

Adui wa kwanza kushambulia alikuwa muwasho, aliyetua ncha ya pua na kupiga kambi. Mama Redio alimkunjia uso, akamwacha. Akafuata bomba la jikoni, ambalo lilikuwa likidondosha maji miaka yote bila yeye kulisikia, kwa kuwa hawakuwahi kupeana nafasi. Leo lilidondosha kila tone kama hotuba, na yeye akakumbuka yote aliyokusudia kumwambia fundi. Akayameza. Kisha sauti ya kitindamimba ikaruka ukuta kutoka uani, ikiuliza sabuni iko wapi. Iko nyuma ya ndoo, mahali ilipo kila siku. Jibu lilifika kwenye ulimi, likagonga meno, likagonga tena. Meno hayakufunguka.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa, na akaingia Wifi.

Huyo alikuwa dada wa mume wake, mkazi wa nyumba ya tatu, mwenye kushika kiuno kwa mikono miwili, hasimu wa siku nyingi. Alikuja kuazima chujio tu. Lakini alipomkuta Mama Redio ameketi wima, macho wazi, mdomo umefungwa, alisimama kama mtu aliyeona mto umekauka kwa saa moja. Mtafiti alimpungia mkono kwamba anyamaze. Wifi alimtazama yule binti, akautazama mkanda, akaelewa kilichokuwa kikiendelea, akavuta stuli.

"Mimi si mshiriki wa utafiti," alisema kwa upole wa kutisha. "Mimi nimekaa tu."

Maana miaka yote ya uwifi wao hakuwahi kumaliza sentensi mbele ya mke wa kaka yake, na fursa kama hii haikuwa imeandikwa kwamba itatokea tena. Akaanza na chujio lake la zamani, lililoazimwa na kurudishwa na tundu. Akapita kwenye pazia la sebule, ambalo alisema rangi yake inampa kizunguzungu. Mama Redio alimkodolea macho yaliyosema mengi, lakini macho hayakukatazwa. Ndipo Wifi akavuta stuli yake mbele kidogo, akateremsha sauti, akalitoa kombora alilokuwa amelihifadhi tangu ujana.

"Na wali wa harusi ya mdogo wangu, wifi yangu. Ule uliotoka mbichi katikati. Watu mpaka leo wananisema mimi. Mimi nilikuwa nakata vitunguu. Aliyeshika mwiko ni wewe."

Enyi wasikilizaji, mashahidi wa wali ule bado wako hai, na wote wanajua nani alishika mwiko. Damu ilimpanda Mama Redio toka kisigino. Mashavu yalijaa, kifua kiliinuka, majibu yakajipanga kooni kwa safu, yale makali mbele, yale ya matusi nyuma, yote yakingoja amri. Na katika dakika hiyo hiyo mashine ikanguruma, mkanda ukavimba, ukamkaba mkono kama shangazi anayekubana msibani akupe siri. Ikalia mara ya kwanza. Akavuta pumzi kwa pua, akaitoa. Safu zikarudi kambini zikinung'unika.

Kisha akasikia harufu.

Maharage yalikuwa yanaungua. Wifi naye alikuwa ameinusa, na wala hakunyanyuka. Alikunja miguu yake vizuri, akitabasamu, kwa kuwa alimjua mpinzani wake. Mtu anaweza kuvumilia kusingiziwa wali. Lakini chakula chake mwenyewe, kikiungua jikoni kwake mwenyewe, mchana kweupe? Mtafiti alianza kuinuka aende akazime, na mguu wake ukanasa kwenye mkanda wa begi. Mashine ikanguruma mara ya pili. Midomo ya Mama Redio ikaachana. Upepo ulishajaa. Neno "maharage" lilikuwa limeshatoa kichwa nje.

Ndipo pale dirishani mkono wa kushoto ukapanda. Mkono mmoja uliobaki mzima wa dada yake ulipanda polepole, ukafika usoni, na kidole kimoja kikalala juu ya midomo iliyopinda.

Mama Redio alikitazama kidole kile. Dada yake ambaye angetoa chochote duniani apate neno moja, alikuwa anamwomba asiseme hata moja. Na katika kimya kile alichokikimbia miaka yote, hakuisikia ile asubuhi ikirudi. Alimsikia dada yake anapumua.

Akafunga mdomo. Maharage yakaungua, yakaungua tena, moshi ukaingia sebuleni ukawasalimia wote. Mashine ikanguruma mara ya tatu, ikakaza, ikafikiri, ikalegea, ikalia.

Mtafiti aliufungua mkanda, akakimbia kuzima jiko, akarudi akikohoa. Alizitazama namba tatu, kisha akamtazama mwenye nazo, akasema taratibu kwamba wastani wake ni mia moja sitini na nne kwa mia moja na mbili, kwamba zimefuatana karibu sawa, na kwamba namba za namna hiyo haziletwi na maneno. Akasema inafaa aende kliniki kesho asubuhi bila kukosa. Alimaliza, wote wakangoja. Wifi aliishika stuli kwa mikono miwili, akijua kwamba mafuriko yanakuja na yeye yuko bondeni.

Mama Redio alijikuna pua kwanza. Kisha akatoa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

"Kumbe ninayo."

Hakuna aliyecheka. Wifi aliinuka pole pole kuelekea mlangoni, akisema chujio atakuja kuchukua siku nyingine, na kwamba hata hivyo yeye hana shida hizo, yeye husumbuliwa na kisogo tu kinagonga asubuhi, ni uchovu.

"Wifi," alisema Mama Redio. Alikuwa ameshanyanyuka, ameshika mgongo wa kile kiti cha plastiki. "Wali nilipika mimi. Haya, kaa hapa. Miguu usiipishanishe. Na ufunge huo mdomo."

Wifi alimtazama Mtafiti, Mtafiti akasema anaweza kumpima nje ya utafiti, hakuna ubaya. Wifi alifungua mdomo ajibu. Na dirishani, kidole kikapanda tena.

Namba ya Wifi haitatajwa hapa, kwa kuwa hakusaini popote. Litatajwa hili tu, kwamba kesho yake mawifi wawili walionekana wakielekea kliniki mapema, wakibishana njia nzima juu ya vitunguu, na kwamba mmoja wao bado anaongea hata usingizini, ila kila siku kabla ya chai humeza kidonge mbele ya dada yake, ambaye hukagua kama kimemezwa kweli.

Basi na iandikwe, na wajukuu wasomewe, kwamba katika sebule ile yenye moshi wa maharage wanawake wawili wasioshindwa na mtu walinyamazishwa mchana mmoja, na aliyewaamuru ni yule asiyeweza kusema. Nawe unayesoma haya ukijiambia una joto tu, una uchovu tu, una maneno tu: kile kiti bado kipo.