Mke wa Pili Kwenye Kompyuta ya Ushirika

Jumatatu, 6 Septemba 1999. Homa Bay.

Nimeamua. Zamu ya asubuhi itakuwa yangu. Cliff ana miezi saba, na nikitoka kazini jioni nampata amelala. Kucheka kwake nasimuliwa tu na mama mkwe.

Ofisi yetu ya ushirika wa wavuvi ina kompyuta moja, ya Linux. Asubuhi Filister anachapisha orodha za uzito wa samaki. Mchana mimi, barua. Mpango: niweke kifurushi kipya cha programu ya kuandikia barua, zitoke nzuri, Mzee Okemwa meneja apendezwe, anipe asubuhi.

Mashine imekataa! Eti kifurushi changu kimekuja na faili ya amri ya kuchapishia, inayoitwa chapa, na tayari kuna chapa, mali ya kifurushi cha Filister. Lakini kuna amri ya kulazimisha. Nimelazimisha. Barua safi kabisa.

Jumanne, 7 Septemba.

Chapa yangu ilikuwa imefuta ya Filister. Asubuhi samaki wake wakakataa kutoka. Hakuniuliza kitu. Naye akalazimisha yake juu ya yangu.

Mchana nikachapisha barua ya mwenyekiti wa ufuo wa Takawiri. Ikatoka na safu ya uzito. Mwenyekiti: kilo sifuri.

Vita.

Jumatano, 8 Septemba.

Nimefika mapema, nikaondoa kifurushi cha Filister chote. Dawa ya jino bovu ni kung'oa.

Kumbe yeye ndiye aliyelazimisha mwisho, kwa hiyo chapa ilihesabiwa yake. Kikaondoka nayo. Sasa hakuna samaki, hakuna barua. Mzee Okemwa hakupaza sauti, na hiyo ndiyo mbaya. Alisema barua za mkutano zisipoondoka Ijumaa, kompyuta itahamia ofisi ya Rangwe, na sisi wawili turudi nyumbani tukapumzike.

Nimemnyonyesha Cliff nikiwa sioni vizuri kwa machozi. Yeye alidhani ni mchezo.

Alhamisi, 9 Septemba.

Fundi Mogaka ametoka Migori. Kwanza alicheka. Halafu akaeleza: faili moja haiwezi kuwa na wenyewe wawili. Ukilazimisha, umenyang'anya. Dawa ni vifurushi vyote vikae, faili moja ipewe jina lingine, na mashine iambiwe hivyo.

Ya nani ibadilishwe? Nikasema ya Filister, kwa sababu barua ni za heshima kuliko vidagaa vya omena.

Filister akavuta kiti. "Mama Cliff, kifurushi changu ndiye mikayi, mke wa kwanza. Chako kimeolewa Jumatatu. Umeona wapi mikayi akihamishwa nyumba yake?"

Mogaka ni Mkisii lakini alielewa. Akainama chini ya meza kutafuta waya ambao haukuwa umepotea.

Nilishindwa. Kwetu Waluo mikayi hupanda mbegu kwanza, na mimi si wa kuanza kubishana na hilo mbele ya mgeni. Yangu sasa inaitwa chapa-barua. Samaki wametoka. Barua zimetoka, zote arobaini.

Wakati wa kukunja barua nikajikuta namwambia Filister habari ya Cliff, bila mpango wowote. Akaacha kukunja.

"Ungeniuliza tu, nyaminwa, dada yangu. Hiyo asubuhi mimi nasinzia hadi saa nne."

Akanipa. Hivyo tu.

Jumatatu, 13 Septemba.

Zamu ya asubuhi, siku ya kwanza. Saa nane nilikuwa nyumbani. Cliff amecheka na nimeona mwenyewe. Alicheka kwa sababu nilikaa juu ya uji wake. Filister ni dada kabisa, nitampelekea samaki wa mbuta.

Jambo moja tu. Chapa-barua ni jina refu, na naliandika mara thelathini kwa siku. Filister yuko matangani Ndhiwa mpaka Alhamisi. Nimeangalia vile Mogaka alivyofanya, si kazi ngumu. Ya kwake nitaiita chapa-samaki, ile chapa tupu nichukue mimi. Nilifikiri nimuulize kwanza. Lakini namjua, angekubali tu. Sasa ya nini kumsumbua mtu akiwa na msiba?