Mtaalamu wa Kutafuna

Gody Makongoro hakuwahi kuuguza hata kuku, lakini asubuhi ile, akiwa kwenye kibanda cha chai pale Bweri, aliuona ugonjwa mbele yake na moyo ukamruka kwa furaha. Mama mmoja mnene, aliyejifunga kitenge kipya, alikuwa amekataa sukari kwenye chai. Alimweleza muuza chai, kwa sauti ya mtu aliyeokoka juzi, kwamba sasa yuko kwenye daiti. Huku akieleza, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukienda kwenye kisahani cha karanga na kurudi mdomoni, ukienda na kurudi, mpaka yakabaki maganda. Akakitazama kile kisahani, kisha akauliza ni nani amemmalizia karanga zake.

Mtu mwingine angecheka. Gody alikuwa na heshima zake, hacheki mteja.

"Shikamoo mama," akasema, akisogeza kiti. "Usijilaumu. Huo si ulafi. Kitaalamu unaitwaga mkono mwizi."

Mama yule aliitwa Matrida, muuza vitenge wa sokoni Musoma mjini, na kwa muda mrefu hakuna aliyemwambia kwamba hana kosa. Akafunguka yote. Mchana alijinyima ugali, jioni akakaa mbele ya tamthilia na bakuli la visheti, na tamthilia ikiisha bakuli nalo limeisha bila yeye kujua. Sendofu ya binti yake Hana, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilikuwa inakaribia, na gauni alilonunua lilifika nyongani likagoma. Alisema hayo machozi yakimlengalenga, maana aibu ya kusimama mbele ya wakwe na zipu wazi si jambo dogo.

Gody alimsikiliza akiwa amekunja uso wa huruma. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba wa kutisha, na Matrida alikuwa ameshauona wembamba huo na kuuamini. Hakujua chanzo chake. Tangu Gody afukuzwe Murangi, alikowauzia wavuvi sabuni ya kuita samaki, alikuwa hajashiba vizuri.

Tiba aliyomweleza ilikuwa rahisi. Mwizi hahubiriwi, unahamisha mali. Kila Jumamosi mtaalamu atapita na mfuko, atakusanya kila kinachotafunika ndani ya nyumba, visheti, karanga, kashata, biskuti, hata dagaa wa kukaanga, na kwenda kukiteketeza kitaalamu. Mgonjwa atachangia ada kidogo. Kuteketeza kwenyewe kungefanyika stendi ya Bunda, mikononi mwa mchuuzi aitwaye Keraryo, kwa kuwauzia abiria madirishani. Yaani Gody alipwe kwa kubeba, kisha alipwe kwa kuuza. Biashara halali nyingi hazina faida ya namna hiyo.

Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho kilikaa kwenye kigoda mlangoni kwa Matrida. Kilikuwa mama mkwe wake, bibi Nyamburi.

"Mwanangu," bibi akamwambia Gody alipoinua mfuko Jumamosi ya kwanza, "chakula haitokagi kwa nyumba hii na mtu hajaionja. Kesho ukiumwa tumbo utasema tumekupa sumu. Na sisi tutasema umeipeleka kwa mganga. Onja hapa, nikuone."

Gody akaonja kisheti kimoja. Bibi akamkumbusha kwamba kuna na karanga. Na kashata. Na dagaa.

Habari ikaenea Bweri nzima, kwamba mtaalamu wa kwa Matrida anaonja kwanza, ni mtu muungwana. Tangu siku hiyo kila nyumba ilidai ionjiwe, na ile ambayo angeipita bila kuonja ingeona imedharauliwa. Kwa Agness alikuta maandazi ya moto. Kwa Helena alikuta sambusa, na Helena hakukubali hesabu ya moja. Ilipofika jioni Gody alikuwa ameonja mtaa mzima, na kwa kuwa njia ya Bunda ni ndefu, alijaza karanga mifukoni za kuonja njiani.

Miezi ikapita. Mkanda uliokuwa ukimzunguka mara moja na nusu ukaanza kuomba matundu mapya. Bodaboda wake wa kila siku akamwomba akae nyuma zaidi, kisha akaomba nyongeza. Gody aliona watu wana gubu tu. Mtu anapofanikiwa, alijiambia akitafuna, lazima asemwe.

Jambo lililomkera ni kwamba akina mama walikuwa wanapungua kweli. Hilo hakulipanga. Kila walichopika kiliingia kwenye mfuko wake, na mkono mwizi ukikosa cha kuiba hutulia. Gauni la Matrida lilivuka nyonga, likafunga zipu, na siku ya sendofu akacheza mpaka mwisho. Gody alipoona hivyo alijisikia vibaya, kama mtu aliyetoa bidhaa nzuri kwa bahati mbaya.

Lakini sifa zilifika Bunda. Huko wanawake wengi, kwa sababu wanazozijua wao na Keraryo, walikuwa wamenenepa. Wakaunda kikundi, wakamwita mtaalamu kwa semina ya siku moja. Gody akapiga hesabu yake. Ada ya siku hiyo ingempatia kiwanja, na mwenye kiwanja hafukuzwi mji. Alikuwa amechoka kufukuzwa, jamani, hilo tumwonee huruma. Vyakula vya Bunda angevihamishia Butiama, na Butiama nao siku moja wangehitaji daktari. Akamwomba Matrida aje kutoa ushuhuda.

Semina ilifanyika kwenye karakana ya Dorotea, fundi cherehani, mwenyekiti wa kikundi. Gody alisimama mlangoni akipokea ada na kuzisukuma mifukoni, koti likilia kwenye mishono. Matrida aliwasili kwa kuchelewa, akitokea stendi, akakaa mbele bila kusalimia. Gody akadhani anaogopa kuongea mbele za watu.

Akaanza kuhubiri, na alihubiri vizuri. Alisema mkono mwizi hauna haya, unakula na mwenyewe hajui. Wanawake wote wakamkazia macho. Akajua amewagusa, akakaza sauti.

"Mtaalamu," Matrida akasema taratibu, "unatafuna nini?"

"Nani, mimi?" Gody akajibu, na punje mbili za karanga zikamponyoka mdomoni.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado mfukoni, ukitafuta nyingine.

"Nimeshuka stendi," Matrida akaendelea, "nikakuta visheti vyangu kwa beseni ya kijana. Mimi nakunjaga kwa vidole vitatu, hakuna mwingine anakunjaga hivyo. Nikamuuliza. Akasema analetewaga na daktari."

Gody akautazama mlango. Mlangoni alisimama Dorotea, na Dorotea alikuwa bado hajaanza daiti. Akafumba macho kusubiri kipigo.

"Mkimpiga mtaharibu," Matrida akawaambia wenzake. "Dawa ni ya kweli, mimi ni shahidi. Mgonjwa ni daktari mwenyewe. Na ametufundisha, mwizi hahubiriwi."

Wakamkalisha, wakamtoa mali mifukoni. Karanga zilikaa upande mmoja wa meza, ada upande wa pili. Kikundi kikamchagua Matrida kuwa mtaalamu mpya hapo hapo, naye akazifunga ada kwenye pindo la kitenge. Kisha akainama kumnong'oneza Gody kwamba asihangaike na Keraryo, ameshaongea naye, mzigo wa Bunda utashukia Butiama Jumamosi.

"Wewe ulikuwa unaonja mno," akamwambia kwa upole. "Ndiyo kosa lako."

Dorotea akavuta cherehani. Gody alisimama nyuma ya pazia, amejifunga khanga ya kuazima, mpaka mifuko yote, ya koti na ya suruali, iliposhonwa ikafungwa, uzi mara mbili.

Alitembea mpaka barabara kuu, njaa ikimuuma na moyo ukimuuma zaidi. Kando ya kibanda cha miamala, bwana mmoja mwenye saa ya kung'aa alikuwa akimlalamikia wakala kwamba hapati usingizi, ametumia pesa nyingi na hajapona. Gody akasimama. Uso ukajikunja wenyewe kwa huruma.

"Shikamoo mzee," akasema. "Huo si ugonjwa, ni mto unaolalia. Kitaalamu unatibika."

Mzee hakubishana. Akatoa noti mbili za kishika uchumba, akamwekea kiganjani. Gody akashukuru, akazipeleka mfukoni. Vidole vikateleza juu ya uzi. Akajaribu upande wa pili, akajaribu koti, akajaribu suruali nyuma, huku mzee akimtazama anavyojipapasa mwili mzima.

"Kijana," mzee akauliza, "hilo koti ni la kwako?"

Akanyoosha mkono, akazichukua noti zake.