Sanduku la Mzungu Nyuma ya Stesheni

Krispini alimwona yule mgeni kabla vumbi la basi halijatua. Alikuwa mwanamke wa makamo, kofia pana, miwani myeusi, begi mgongoni, na simu mkononi akipiga picha kila kitu mpaka mbuzi. Mtu anayekuja Mpanda akapiga picha mbuzi, Krispini aliamini, ni mtu ambaye bado hajatapeliwa vya kutosha, na ni wajibu wa mwananchi mwema kumsaidia.

Akaegesha pikipiki yake nyekundu, akapangusa viatu kwa nyuma ya suruali, akamsogelea.

"Karibu sana Mpanda, madam. Viboko wa Katavi wapo tu, hawaendi popote. Lakini mji wenyewe umeshauona? Mtaa wa kale?"

"Mpanda kuna mtaa wa kale?" mgeni akauliza.

"Madam! Unaniuliza mimi, mjukuu wa aliyeujenga?"

Babu yake Krispini alikuwa mpika pombe wa Kakese, hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Ila marehemu hawapingi, na Krispini aliwapenda kwa sifa hiyo.

Mtaa wenyewe ulikuwa nyuma ya stesheni ya reli: nyumba chache za enzi za mgodi wa Waingereza, mabati yenye kutu, kuta zilizobabuka kama mtu aliyetoka kwenye surua. Krispini aliutangaza kama Makka. Mbele ya nyumba ya kwanza akavua kofia.

"Hapa alilala Mjerumani mkubwa, akaota ndoto ya kujenga reli."

Kwa kweli Wajerumani walikuwa wameondoka nchini miaka mingi kabla tofali la kwanza la nyumba ile halijafyatuliwa. Lakini mgeni aliitikia "Ohoo!" na kupiga picha. Kipande cha reli kilicholala majanini kikawa nanga ya manowari ya Ziwa Tanganyika. Jiwe la kufulia likawa jiwe walipoapia machifu. Mama mmoja aliyekuwa anafua hapo akatoa macho, Krispini akamkonyeza, yule mama akaona afadhali aendelee na mashuka yake.

Kituo cha mwisho kilikuwa ua wa nyumba ya Mama Specioza, mjane aliyeshinda sokoni Kashaulili akiuza mchele. Kwa kuwa mwenye nyumba hakuwepo mchana, Krispini aliingia kama kwake. Hapo ndipo alipouweka utamu wote.

"Madam, sogea. Haya simwambii kila mtu." Akashusha sauti. "Mzungu mkuu wa mgodi, siku anaondoka, alizika sanduku la dhahabu ndani ya ua huu. Wengi wametafuta, wamefukuzwa na mizimu."

Wageni wote waliotangulia walifika hapo macho yakiwaka tamaa. Kuna bwana mmoja wa semina, msomi na tai yake, aliyenunua changarawe tatu za barabarani baada ya kuambiwa zina vumbi la dhahabu, akaondoka akicheka peke yake kwa jinsi alivyompunja Krispini. Huyu mama naye alinunua changarawe yake moja. Ila hakuwaka macho. Aliutazama ua kona kwa kona, kisha akauliza polepole, "Jiko la zamani lilikuwa upande gani?"

"Ule pale," Krispini akaonyesha popote.

"Ahaa," mgeni akasema, akaaga kwa haraka.

Ile "ahaa" ilimkosesha Krispini hamu ya kula.

Kesho yake akapita pale na pikipiki, akachungulia. Mgeni alikuwa ndani ya ua, amejifunga kanga kiunoni, jembe mkononi, amesimama kwenye shimo lililomfika magotini. Alipomwona akatupa mkeka juu ya shimo haraka, karibu aanguke nao.

"Nimeangusha hereni," akasema.

"Hereni imezama mpaka magotini?"

"Kaka yangu, nenda zako."

"Mwenye nyumba je?"

"Yuko msibani Kakese, nimemuuliza jirani. Nenda, nitakukumbuka."

Krispini hakwenda. Akafunua mkeka. Chini kwenye udongo kulikuwa na kishikio cha shaba cha sanduku, kimeliwa na kutu ya kijani, kizee kuliko serikali.

Krispini akakigusa kwa kidole. Mwongo ana ugonjwa mmoja mbaya: husahau uongo aliopanda mwenyewe, na ukiota hudhani ni mmea wa Mungu. Sanduku lile alilitunga siku ya mvua, tumbo tupu. Sasa kishikio chake hiki hapa! Labda, aliwaza, hakulitunga. Labda alifunuliwa.

"Sawa," mgeni akasema, machozi yakimlengalenga. "Umeshaona. Marehemu babu alikuwa boi wa yule Mzungu, aliniambia liko karibu na jiko, chini sana. Naitwa Romana. Tugawane nusu kwa nusu, lakini usinidhulumu, mimi ni mwanamke peke yangu."

"Mimi? Nikudhulumu?" Krispini akaweka mkono kifuani.

"Na mnunuzi ninaye, yuko Sumbawanga. Hataki simu, anataka nimfuate uso kwa uso. Ila nikienda, nani atachimba? Na basi limeshaondoka."

Krispini akapiga hesabu upesi. Sumbawanga kwenda na kurudi si leo. Huyu akiondoka, sanduku litatoka, na Krispini atatoka nalo, nusu zote mbili. Pikipiki ni nini mbele ya dhahabu?

"Dada Romana," akasema kwa upole wa katekista, "chukua pikipiki yangu. Mimi nabaki kwenye jembe. Sisi sasa ni ndugu."

"Hapana kaka, ni mali yako..."

"Chukua!" Akakaribia kumpigia magoti. Akampeleka mpaka kijiweni kwa vijana wa bodaboda, akamjazia tenki mbele ya watu wote, akampungia mkono mpaka mwanamke na kofia yake pana wakapotea. Kisha akacheka hadi akakohoa. Wanawake wa mjini, aliwaza, wepesi kama maandazi ya hamira nyingi.

Akachimba siku hiyo, akachimba na ya pili. Hakumwita msaidizi, maana msaidizi ana mdomo na tumbo. Malengelenge yalipasuka, yakaota mengine. Udongo mwekundu ulimgeuza kiazi. Shimo lilipompita kichwa, akateremsha ngazi aliyoikuta ukutani, akaendelea, akibusu kila alipochoka kishikio cha shaba, ambacho aliamini kimeng'oka tu kwenye sanduku lililo chini zaidi.

Siku ya tatu mchana, kivuli kikaanguka ndani ya shimo.

"Ee Mungu wangu," sauti ikasema. "Fundi Deo, njoo uone. Kimenyooka vizuri!"

Krispini akainua uso. Juu alisimama Mama Specioza mwenyewe, na kando yake fundi ujenzi mwenye futi mkononi.

"Shikamoo mama," Krispini akasema kutoka ardhini.

"Marahaba baba. Pole na kazi. Choo changu kimejaa tangu masika, na mafundi wa kuchimba siku hizi hawashikiki kwa bei."

"Choo?"

"Sasa ulidhani unachimba nini? Na hicho kishikio nirudishie, ni cha sanduku langu la harusi. Romana alikiazima bila kuniuliza vizuri."



"Unamjua Romana?"

"Mtoto wa kaka yangu. Anauza dagaa huko ziwani, Kapalamsenga. Nilimwambia kuna kijana anawaleta watu uani kwangu akiwahubiria mizimu. Akasema, shangazi, ngoja nikavae kofia."

"Pikipiki yangu!" Krispini akapiga kelele. "Nakwenda polisi!"

"Twende wote," Mama Specioza akasema bila kupandisha sauti. "Utawaeleza ulimpa ufunguo kwa mkono wako na kumjazia mafuta mbele ya kijiwe kizima. Halafu utawaeleza ulikuwa unatafuta nini ndani ya ua wangu nikiwa msibani. Na wale wageni wa changarawe, nao tutawaita waje kusalimia."

 Krispini, aliyewahi kuuza nanga ya manowari kilomita mia na zaidi kutoka ziwani, akashika ngazi apande.

Fundi Deo alikuwa ameshateremsha futi hadi chini. Akasoma, akatikisa kichwa.

"Bado mita moja, mama."

Mama Specioza akainama, akaivuta ngazi juu taratibu, akaiegemeza ukutani.

"Umesikia, baba," akasema. "Na ile kona ya kushoto, inyooshe."