Ganda Halijui Kuandika H

Jumatatu, 19 Oktoba

Mvua mpaka saa nne. Tukachuma na mvua hiyo hiyo. Ngazi zinateleza, mfuko wa matufaha unaning'inia shingoni kama mtoto aliyekataa kutembea. Huu ni msimu wangu wa kumi na nne katika shamba hili la Bi Terwilliger, jimbo la New York. Mgongo wangu unaikumbuka misimu yote.

Miaka hamsini na mitatu. Mke sina, alikufa zamani. Kwetu Jamaika nina nyumba ya vyumba viwili na mbuzi anayelishwa na dada yangu. Kila mwaka nafika hapa mwezi wa nane, naondoka Novemba, na hakuna mtu huku anayejua kama nimefika au nimeondoka ila karani mwenye orodha. Mwaka huu nataka ajue mtu mmoja. Noreen.

Noreen anakaanga donati katika kibanda kilicho karibu na kinu cha kukamulia matufaha. Ana unga mpaka viwikoni. Hucheka kabla hujamaliza kuchekesha. Mumewe alimwacha mwaka juzi. Ndege yangu ni tarehe tano. Siku kumi na saba.

Leo nimeokota gazeti la wanawake ndani ya trela la nyasi kavu, lile linalotembeza wageni. Ukurasa mmoja: Njia Kumi na Tano za Wapenzi Kufurahia Halloween, ile sikukuu ya mizuka ya mwisho wa Oktoba. Shule niliachia darasa la tano, kwa hiyo nimeusoma kwa kidole. Kumbe kila kitu kilichoandikwa humo tunacho. Watu wanaendesha gari mwendo mrefu kuja kukifanya, nami nakifagia kila jioni.

Nimelificha gazeti ndani ya foronya. Cuthbert asilione. Cuthbert ni Mjamaika mwenzangu, analala kitanda cha juu, anaendesha trekta, na anakula donati nyingi kuliko njaa yake.

Jumatano, 21 Oktoba

Njia ya kwanza: potea naye katika mahindi.

Vichochoro vya shamba la mahindi nilivikata mwenyewe mwezi wa nane, ili wageni wapotee humo na wafurahi. Mpango ulikuwa mwepesi. Nijifanye nimepotea dakika kumi, kisha nimtoe Noreen kama shujaa. Nilimwambia kuna kiota cha ndege ndani ambacho lazima akione. Akaja na aproni yake.

Nikajifanya nimepotea. Dakika ya kumi na moja nikaacha kujifanya. Bi Terwilliger alikuwa ameziba njia mbili kwa marobota ya nyasi bila kuniambia. Noreen akauliza kama kichochoro hiki si kile cha mwanzo. Nikasema vinafanana. Akauliza kiota kiko wapi. Nikasema ndege wamehama.

Mwisho Cuthbert akasimama juu ya kiti cha trekta, akaona kofia yangu inazunguka juu ya mahindi, akaanza kuniongoza shamba zima likisikia. "Kushoto, mzee. Kushoto kwako, si kwangu."

Tulitoka baada ya nusu saa. Donati alizoziacha kwenye mafuta zilikuwa nyeusi kama mkaa. Noreen alisema si neno, kwa sauti ya mtu ambaye kwake ni neno. Cuthbert akampa lifti ya trekta mpaka kibandani. Hatua thelathini!

Ijumaa, 23 Oktoba

Njia ya pili: banda la kutisha. Gazeti linasema mwanamke atashtuka na kukushika mkono. Kuhusu mwanamume halikusema kitu.

Kiunzi cha mifupa kilidondoka kutoka darini. Mimi ndiye niliyekifunga pale darini wiki iliyopita. Hata hivyo. Sasa shati langu lina unga upande mzima, maana nilimkumbatia Noreen na kujificha nyuma yake kwa wakati mmoja. Aliniambia nipumue, ni plastiki. Aliniambia kwa upole. Bora angecheka.

Wakati wa chakula Cuthbert akaniuliza kama nitahitaji taa ya kulalia.

Jumapili, 25 Oktoba

Nimeziruka njia nyingine zote, nimefika ya tisa. Imeandikwa kwa ajili yangu. Menya tufaha kwa ganda moja refu lisilokatika. Lirushe nyuma, juu ya bega la kushoto. Herufi litakayoandika chini ni herufi ya kwanza ya jina la mtu utakayekuwa naye.

Matufaha! Miaka kumi na minne nayashika.

Nimempelekea Bi Terwilliger wazo hilo kabla ya kunywa chai. Akasema bibi yake alikuwa akifanya hivyo kila Halloween, akakubali papo hapo. Jumamosi saa tisa alasiri, mbele ya kinu, wapenzi na wasio na wapenzi. Nikapendekeza Noreen afungue mchezo. Akakubali na hilo.

Nikarudi chumbani, nikamenya tufaha moja kwa furaha tu. Nikarusha. C. Nikamenya la pili. C. La tatu, C. La nne, S. La tano mpaka la tisa, C tupu.

Ndipo nikafikiria jina langu. Hopeton. H. Ganda la tufaha halijui kuandika H. H inataka miti miwili iliyonyooka na daraja katikati, na ganda la tufaha halijanyooka tangu dunia iumbwe.

Cuthbert akaingia, akatazama sakafu, akasema chumba kimependeza, kimeandikwa jina lake kila mahali.

Jumanne, 27 Oktoba

Nimemwomba Bi Terwilliger aruhusu ganda lililokatika vipande vitatu. Akasema lililokatika maana yake ni kukosa kabisa. Mwanamke mgumu.

Basi jina. Marehemu mama aliniita Sonny, yaani kijana wangu, mpaka siku ya mwisho. S. Na nimegundua jambo ambalo Cuthbert hajui. C ukiitazama kutoka upande wa pili imegeuka, watu watabishana. S ni S popote unaposimama.

Mchana nikawatangazia wachumaji wote kwamba kuanzia leo mimi ni Sonny. Wengine wakaendelea kutafuna. Cuthbert akauliza, Sonny wa miaka hamsini na mitatu? Kisha akasema mume wa Noreen anaitwa Sheldon, na hilo nalo linaanza na S. Nikamwambia mtu aliyeondoka hana herufi. Akasema huyo Sheldon amekuwa akipiga simu tangu Septemba akitaka kurudi, na Noreen bado hajamjibu. Nikasema hayo ni maneno ya kwenye trekta. "Sawa, Sonny," akasema.

Jioni utafiti. Tufaha dogo, ganda fupi: C. Tufaha la Mutsu, lile kubwa la kijani, ganda refu: S, mara nane kwa kumi. Kikapu cha Mutsu kiko chini ya kitanda changu. Nimeacha kula chochote kitokanacho na tufaha. Nayaota.

Alhamisi, 29 Oktoba

Upepo mkali, ngazi zimekatazwa, tumeachiwa mapema. Nilikuwa nyuma ya ghala nikirusha maganda, Noreen akanikuta. Alikuwa na donati mbili ndani ya karatasi, bado za moto. Aliniita Hopeton. Nikamrekebisha. Akasema Hopeton ni jina analolipenda, sasa hili lingine limetoka wapi. Nikasema atalijua Jumamosi.

Akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu.

"Kesho natoka kazini mapema," akasema. "Pale mjini kuna mkahawa wana supu nzuri. Twende, mimi na wewe."

"Ndiyo" ilikuwa imeshafika kwenye meno. Nikaizuia. Kesho ni Ijumaa, herufi ni Jumamosi. Mtu hawezi kwenda kunywa supu na mwanamke ambaye ganda lake halijasema. Tena Mutsu bado ni nane kwa kumi, si kumi kwa kumi, na kesho ndiyo siku yangu ya mwisho ya mazoezi. Nikamwambia kesho nimebanwa, ila Jumamosi saa tisa asikose.

Akanitazama. "Umebanwa na nini Ijumaa jioni, Hopeton?"

Nikasema mambo yangu binafsi. Akaniachia donati zote mbili, akaenda zake polepole. Siku njema sana. Dalili zote nzuri.

Nilimsimulia Cuthbert ili aumie. Hakucheka. Alishuka kitandani, akakaa kwenye kiti, akaniuliza mara mbili kama kweli nilikataa. "Mzee," akasema, "mimi ningekwenda na buti hizi hizi."

Wivu.

Jumamosi, 31 Oktoba

Jua. Watu wengi. Wachawi, mizuka, na mume na mke waliovaa kama ndizi mbili.

Kikapu nilikipanga mwenyewe, Mutsu juu. Ndizi wa kiume akadandia mchezo kabla haujafunguliwa, akachukua tufaha dogo la kwake, akarusha. C. Mkewe anaitwa Gwen. Akashikilia kwamba ile ni G iliyochoka. Wakaondoka bila kushikana mikono.

Kisha Noreen. Alikuwa amevua aproni. Sikuwahi kumwona bila aproni. Nikampa Mutsu mkononi, nikamwambia alegeze kiganja, aachie huku anapumua nje. Akamenya bila kukata hata mara moja. Mikono iliyozoea mafuta ya moto haitetemeki. Akarusha.

Lilianguka kama limeandikwa ubaoni na mwalimu. S. Nililizunguka kuhakikisha. S pande zote. Bi Terwilliger akawatangazia watu kwamba ni S.

Nikavua kofia, nikasogea mbele hatua moja.

Noreen alikuwa bado anatazama chini.

"Sheldon," akasema.

Nikasema kuna na Sonny pia. Akageuka kama mtu aliyesikia sauti kutoka chumba cha pili. Akaniambia, kwa utulivu kabisa, kwamba Sheldon amempigia wiki sita naye hakujua amjibu nini. Wiki hii alikuwa karibu kuacha kumfikiria, lakini mambo hayakwenda alivyotaka. Akawa anangoja kitu chochote kimsukume upande mmoja au mwingine.

"Sasa nimeambiwa," akasema. Akaenda nyuma ya kibanda na simu yake.

Zamu ya Cuthbert ilipofika alikataa kurusha. Akachukua ufagio, akanisaidia kufagia maganda. Hilo lilinikera kuliko yote.

Jumatatu, 2 Novemba

Tumemaliza safu ya mwisho. Mikono imepasuka.

Noreen alikuja kuniaga mchana. Sheldon alibaki ndani ya gari, injini ikiunguruma. Mtu mfupi, kofia ya fundi bomba. Noreen akanipa mkono, akaushikilia.

"Ungesema ndiyo Alhamisi ile, Hopeton, nisingerusha hata ganda moja."

Maneno hayo nimeyafikiria juu ya ngazi kuanzia saa saba mpaka saa kumi na moja. Nimeyageuza kila upande. Maana yake ni moja tu: kosa lilikuwa tufaha. Mutsu ni kubwa mno, linaandika S iliyonona, na yule Sheldon ni mnene. Mimi mwembamba. Ningetumia tufaha la kati. Cuthbert anasema maana yake si hiyo, hata kidogo. Lakini Cuthbert hajasoma gazeti.

Naondoka Alhamisi. Karani ameshaniandika.

Leo pia nimepata ujumbe kutoka nyumbani, kwa Miss Pansy wa posta, mjane, mwanamke mtulivu. Ni mara ya tatu mwaka huu ananiambia nikifika nipite kwake, siku yoyote, kutakuwa na chai na samaki wa kukaanga, na kiti cha barazani hakina mtu. Nimefurahi sana. Bahati nzuri gazeti lina ukurasa wa Krismasi kule nyuma, njia kumi na mbili. Ya nne inahusu mishumaa miwili ndani ya beseni la maji: ikielea na kugusana, mambo yamekubali.

Nimemjibu Miss Pansy papo hapo. Nimemshukuru, nimemwambia nitapita bila shaka, ila si kabla ya Krismasi. Kwanza lazima tujue mishumaa inasemaje.