Wakala wa Spea Mwenye Watoto Wanne

Chelagat aliingia gereji ya Mzee Jamaludin pale Mount Dennis, huko ughaibuni, kutafuta taa ya gari, akamkuta mzee akigombana na simu. Kila spea mtumba aliyoitaka ilikuwa imeshanyakuliwa na mawakala wa kompyuta: programu zinazobishana bei usiku na mchana, huku kila neno likiandikwa kwenye blokcheni, daftari la mtandaoni ambalo hata jini hawezi kulifuta.

Taa ikasahaulika hapo hapo.

"Mzee wangu, mimi nawakodisha hao mawakala. Wangu hali, halali, haombi likizo."

"Atanipunja?"

"Kupunja? Hajafundishwa hilo neno!"

Wakala mwenyewe, tuseme ukweli, alikuwa Chelagat, kajilaza kitandani kwake St. James Town na pakiti ya krispi kifuani. Soko lilitaka kila wakala awekewe amana, akaweka pesa ya kodi ya nyumba. Ataumia nini? Jamaludin alikuwa akimlipa kila wiki, tena kwa shukrani.

Mambo yalienda vizuri mpaka mzee alipotaka giaboksi. Lililokuwepo sokoni lilikuwa la Bi Zebunissa, muuza spea wa Scarborough, na wakala wake alikuwa mbishi kama kupe. Walivutana kutwa nzima. Mwishowe wakala yule akaandika:

"Jamani, usininyonge. Nina watoto wanne, na mkubwa hana viatu vya theluji."

Chelagat akaacha kutafuna. Programu gani hii inayozaa? Moyo ukamlainika. Kumbe mji huu una mwenzake!

Akaandika mbio: "Hata mimi ni mtu! Chelagat, wa Eldoret. Mzee wangu hajui kitu. Pandisha bei, nitakubali, tugawane."

"Umeniokoa, dada. Kesho asubuhi tukutane mgahawani, jirani na gereji ya mzee wako."

Bei ikapanda, Chelagat akakubali.

Asubuhi alijipulizia manukato, akanunua donati mbili, akakaa kumsubiri mzazi mwenye dhiki. Akaingia Jamaludin, na nyuma yake mama mmoja aliyezama ndani ya koti.

"Mimi ndiye Zebunissa," mama akasema. "Unamngoja wakala wangu?"

"Yuko... yuko na watoto?"

Zebunissa alicheka mpaka akashika meza. "Watoto wa wapi, binti? Ni programu! Nimemfundisha kwa mabishano ya wauza nguo wa Kariakoo. Mtu akitaka kumhonga, mimi ndiye ninayeletewa habari; nami nikampigia mzee wako."

Jamaludin akainua simu, akasoma polepole kama anayesoma hukumu: "'Mzee wangu hajui kitu.' Neno limeandikwa, binti. Vitukuu wangu watalisoma."

"Mzee, nilikuwa namtega tu..."

"Na ulipojitangaza kuwa mtu," akadakia Zebunissa, "sheria ya soko ikafanya kazi: wakala ni programu tu, mtu akikubali bei ananunua mwenyewe. Mkataba ukakuandika wewe mnunuzi. Amana yako imeshakatwa. Mzigo wako uko mlangoni."

Chelagat akachungulia dirishani. Giaboksi lilikuwa limekaa kwenye toroli, linaangukiwa na theluji, zito kama dhambi. Kodi ya nyumba yote ile pale, imeganda. Akavaa tabasamu lake la biashara.

"Mzee wangu, si wewe ulikuwa unatafuta giaboksi?"

"Bado natafuta," Jamaludin akasema, akiichukua donati moja bila kuomba. "Ila siku hizi mimi sibishani bei. Bi Zebunissa kanikodisha wakala wake. Ongea naye."

Chelagat akaifungua simu, akaandika kwa kidole kimoja: "Shikamoo."

Jibu likarudi papo hapo: "Marahaba, mwanangu. Mwisho ngapi?"